Mchi, kinu na kamera

Shangazi alitoka jikoni na mbuzi ya kukunia nazi mkono mmoja, sinia mkono wa pili, akanikuta barazani nimeinamia kompyuta. Ilikuwa Jumamosi mchana, Tanga, jua la utosi.

"Unatazama nini mpaka pua inagusa kioo?"

Nikaifunga kompyuta hapo hapo.

Nina miaka 38, nina mume na watoto wawili, na bado mkono wangu uliruka wenyewe kama wa mtoto aliyekutwa na sukari.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuficha. Tuko watu kama ishirini tunaokutana kila mwezi kutazama filamu za zamani, na safari hii tulikuwa tumechagua Il Decameron ya mwongozaji wa Kiitaliano Pier Paolo Pasolini, ya mwaka 1971, iliyotokana na kitabu cha kale cha Giovanni Boccaccio. Kwa kuwa niliwahi kuishi Naples, Italia, miaka mitatu, niliombwa niandike Kiswahili cha kupita chini ya picha. Siku hiyo nilikuwa nimefika kwa Masetto.

"Si kitu cha kuonyesha, shangazi."

"Basi nisimulie."

Nikamsimulia. Kijana mmoja, Masetto, anajifanya bubu ili apewe kazi ya bustani kwenye nyumba ya masista. Masista wanaambizana kwamba bubu hana wa kumwambia. Anaanza mmoja, anafuata wa pili, mpaka wanatimia wanane, na mama mkuu anakuwa wa tisa. Kijana anachakaa. Usiku mmoja, akiwa na mama mkuu, bubu anafungua kinywa: nimesikia jogoo mmoja huwatosha kuku kumi, lakini wanaume kumi kwa taabu humtosha mwanamke mmoja, nami niko peke yangu na ninyi mko tisa! Mama mkuu anatangaza muujiza.

Shangazi alicheka mpaka akakiweka kifuu chini. Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Rudia pale pa jogoo," akasema. Nikarudia, akacheka upya.

Nikadhani nimepata ruhusa. Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha.

Alitazama kama sekunde kumi, kisha akageuza uso, akawa anaangalia ua.

"Funika, mwanangu."

Akarudi kukuna nazi. Hakukasirika, hakunihubiria. Laiti angekasirika, ningelisahau jambo hili siku ile ile.

### Si haya

Msomaji asiyemjua shangazi atasema, bibi wa watu aliona haya.

Shangazi yangu ni kungwi. Mimi mwenyewe alinifunda. Nyimbo alizoniimbia ndani, mlango umefungwa, zilitaja kila kitu ambacho filamu ile inaonyesha, na vingine ambavyo haionyeshi. Mwanamke huyu hajawahi kuogopa mambo ya chumbani. Anayajua, anayafundisha, na heshima aliyonayo mtaani ameipata kwa hayo.

Kwa hiyo hadithi ilimchekesha na picha ya hadithi ile ile ikamnyamazisha. Nimelala na jambo hili wiki sita.

### Kinu kile kile

Nikarudi kwenye kitabu. Giovanni Boccaccio alizikusanya hadithi zake 100 miaka michache baada ya tauni ya 1348 kuifagia Florence, na mwisho kabisa akajitetea kwa watakaomlaumu kwa maneno machafu. Hoja yake ni hii: ikiwa wanaume na wanawake hawakatazwi kutaja mchana kutwa tundu na kigingi, kinu na mchi, na soseji, kwa nini yeye akatazwe kuyaandika?

Niliposoma kinu na mchi niliinuka nikazunguka chumba.

Haya ndiyo maneno niliyofundwa nayo. Karne saba nyuma, upande wa pili wa bahari, kinu kile kile.

Na hakuyataja kwa bahati. Katika siku ya nane ya kitabu (hadithi zimegawanywa kwa siku kumi) yumo padri wa kijijini aliyemtaka Belcolore, mke wa mkulima, akaacha joho lake kwake kama rehani. Baadaye, akitaka kulirudisha bila kulipa, anaazima kinu kwa yule mama, kisha anamtuma mtumishi wake akirejeshe mume akiwepo na kudai joho "aliloweka rehani ya kinu". Mama anaelewa kwamba amechezewa. Anamwambia yule mtumishi amwambie padri kuwa hatatwanga tena mchuzi kwenye kinu chake. Padri naye anamjibu mtumishi: ukimwona mwambie asiponiazima kinu, nami sitamwazima mchi.

Mume yupo pale, anayasikia maneno ya mkewe. Haelewi alichosikia.

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hadithi nzima imo humo. Haimo kwenye filamu ya Pasolini, na nadhani najua sababu. Jaribu kuipiga picha. Ukionyesha kinu, ni kinu tu, chombo cha jikoni. Ukikata kutoka kwenye kinu ukaenda kitandani, umelifumbua fumbo mwenyewe na kumnyang'anya msikilizaji kazi yake. Uchafu wa fumbo haumo kinywani mwa msemaji, unaupika wewe kichwani mwako, na unacheka kwa kuwa umekamatwa unajua. Boccaccio alilisema hilo pia: akili iliyooza haijapata kulisikia neno kwa usafi.

Alichocheka shangazi ni kile alichokitengeneza mwenyewe. Nilipomwonyesha picha, nilimletea chakula kilichokwisha kutafunwa.

### Giza la Chaucer

Nikaona kama nimepata jibu. Nikajaribu kulipima kwa filamu ya pili ya trilojia ya Pasolini, yaani filamu zake tatu za hadithi za kale: ile ya hadithi za Canterbury za Mwingereza Geoffrey Chaucer, iliyopata tuzo ya Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la Berlin mwaka 1972.

Katika hadithi ya msaga nafaka, Chaucer anatuambia usiku ulikuwa mweusi kama lami, au kama makaa. Absolon, karani wa parokia, yuko chini ya dirisha la Alison, mke wa seremala, akiomba busu. Alison anatoa kiungo kingine nje ya dirisha. Absolon anabusu kwa mapenzi yote, halafu anashtuka: kuna ndevu, na mwanamke hana ndevu.

Mzaha wote umesimama juu ya giza. Kamera nayo haifanyi kazi bila mwanga. Pasolini hakuwa na njia: ilimbidi atuwashie taa mahali ambapo hadithi inataka tupapase.

Kuna jambo jingine lililonigusa zaidi. Kabla ya kuanza hadithi hiyo, Chaucer anamwambia msomaji asiyependa kuisikia ageuze ukurasa achague nyingine. Anampa mlango wa kutokea, tena kwa adabu.

Kwenye filamu hakuna ukurasa wa kugeuza.

Uso ndio uliobaki, nao shangazi aliugeuza.

### Wasimulizi walikwenda wapi?

Hapa nakiri nilimkasirikia Pasolini kwa siku kadhaa.

Kitabu cha Boccaccio kina wasimulizi kumi, wanawake saba na wanaume watatu, waliokimbia tauni na kukaa mashambani wakipokezana hadithi. Baada ya kila hadithi tunaambiwa waliipokeaje. Wanawake wanaona haya kwanza, wanatazamana, wanauma midomo, mwishowe kicheko kinawashinda. Sisi tunajifunza kucheka kwao.

Pasolini aliwaondoa wote. Tauni akaiondoa. Hadithi akazihamisha kutoka Toscana hadi Naples, akazitia kwenye Kinapoli cha mitaani, zikaanza na kuisha bila mtu wa kuzikabidhi kwetu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1974, alipotengeneza filamu ya Alfu Lela Ulela akipiga picha Yemen, Iran, Nepali, Ethiopia na Eritrea, alimwondoa hata Shahrazad, msimulizi wa hadithi zote zile. Fikiria. Shahrazad!

Mara mbili wanawake walioshika hadithi mikononi wametolewa nje, na mahali pao pakawekwa jicho.

Siku ile barazani msimulizi nilikuwa mimi. Shangazi alikuwa akinitazama usoni, naona alikuwa akicheka nami zaidi kuliko alivyomcheka Masetto. Nilipoifungua kompyuta nilijiondoa mwenyewe, nikamwacha peke yake na watu uchi asiowajua.

### Rafiki yangu hakukubali

Nilimweleza haya rafiki mmoja wa kikundi chetu, mwanamke anayepiga picha kwa riziki yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe unatetea pazia. Fumbo lako ni hofu iliyovaa nguo za Idi."

Nilinyamaza, kwa sababu ana haki ya kusema hivyo. Tunajua vitu vilivyofichwa kwa jina la heshima mpaka vikafa. Abunuwasi tuliyemsoma shuleni ni mjanja wa kuwachekesha wafalme na kudai sufuria imezaa. Abu Nuwas mwenyewe alikuwa mshairi mkubwa wa Baghdad, mwimbaji wa divai na mapenzi, mashairi yake yanachoma. Alisafishwa njiani, likabaki jina na ucheshi. Wazungu nao hawakuwa bora. J. M. Rigg alipoitafsiri Decameron kwa Kiingereza mwaka 1903, alipofika kwa binti Alibech na mtawa wa jangwani, pale pa kumrudisha shetani jehanamu, aliacha kifungu kizima kwa Kiitaliano. Msomaji anakuta ukuta.

Fumbo halifanyi hivyo. Fumbo linakupa kila kitu, ila linakutaka unyooshe mkono. Ukuta haukupi kitu. Nilimwambia rafiki yangu kufumba si kuficha, akaniuliza, sasa wewe na kompyuta yako mlikuwa mnafumba au mnaficha? Sikuwa na jibu.

(Alibech huyo Pasolini alimpiga picha Yemen mwaka 1970, halafu akamkata asiingie kwenye filamu. Lakini siku ya mwisho ya kazi kule, Jumapili ya tarehe 18 Oktoba, alitumia mikanda iliyobaki kupiga filamu fupi ya kuisihi UNESCO iuokoe mji wa kale wa Sana'a. Mwaka 1986 mji ule uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Kila nikikumbuka hili moyo wangu kwake unalainika.)

Basi nikaitazama filamu upya, safari hii bila sauti.

Nikaona nilichokuwa sijakiona kwa kuhangaika na maneno. Kamera yake hainyemelei. Haichungulii tundu la ufunguo. Inasimama mbele ya mtu kama mpiga picha wa harusi na kumngoja. Na inakaa kwenye nyuso: wanaume wenye mapengo, wanawake wenye masizi mashavuni, vijana wanaocheka bila kujua wanachekea nini. Wengi hawakuwa waigizaji. Nyuso hizo nazijua, ndizo zilizoniuzia samaki sokoni Pignasecca na kuniita "binti mzuri" nilipokuwa mgeni nisiye na mtu. Pasolini aliamini watu wa Naples walikuwa kabila lililokataa kubadilishwa, akawafananisha na Watuareg wa jangwa la Sahara. Mwili wa maskini, kwake, ulikuwa mahali pa mwisho ambapo biashara haijaingia, na alitaka uonekane bila kuombewa radhi.

Nikaacha kumkasirikia. Shaka haikuniacha.

### Watatu waliokana

Linalonisumbua zaidi ya yote ni kwamba wote watatu walikuja kukana.

Boccaccio, karibu mwaka 1370, akiwa mzee na mgonjwa, alikaa akaiandika upya Decameron yote kwa mkono wake. Nakala hiyo ipo Berlin mpaka leo. Haikupita muda, mwaka 1373, akamwandikia rafiki yake Mainardo Cavalcanti akimsihi asiwaache wanawake wa nyumbani kwake wakisome, wasije wakamdhania mzee mchafu wa kinywa. Mkono ulioandika barua ile ndio uliokuwa umetoka kunakili kurasa zote zile kwa upendo.

Chaucer alimalizia hadithi zake kwa kuomba msamaha, akizikana zile zinazoelekea dhambini.

Pasolini aliandika tamko lake Juni 1975. Alisema anaikana trilojia yake, ingawa hajuti kuifanya. Baada ya Decameron yake watengenezaji wengine walikimbilia filamu za bei rahisi zenye majina yanayofanana, nyama tupu, kicheko hamna. Miili aliyoiona safi, akasema, imegeuzwa bidhaa, na uhuru wa mapenzi umekuwa amri mpya ya soko. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba mwaka huo huo akauawa Ostia, karibu na Roma. Tamko likachapishwa gazetini siku chache baadaye. Boccaccio alikuwa amekufa Desemba 1375, miaka 600 kasoro wiki chache kabla ya Pasolini.

Nilipozisoma toba hizi tatu kwa pamoja, niliona kila mmoja anamtazama mtu aliyeingia chumbani bila kualikwa. Wa Boccaccio ni wake za watu wenye heshima. Wa Chaucer ni Mungu siku ya hukumu. Wa Pasolini ni mfanyabiashara.  Walichoshindwa kukidhibiti ni nani anasikiliza.

Kungwi hana tatizo hilo. Yeye hufunga mlango kwanza.

### Ndege

Kazi lakini ilibaki palepale, na tarehe ya maonyesho ilikuwa inakaribia.

Pagumu kuliko kote palikuwa kwa Caterina. Binti anawaomba wazazi alale nje darini, kwa kuwa ndani kuna joto na anataka kumsikia ndege fulani aimbaye usiku. Riccardo anapanda ukuta. Alfajiri baba anakuja na kuwakuta wamelala uchi, na mkono wa binti umeshika kile mkono ulichoshika. Anarudi polepole kumwita mkewe: njoo uone, mwanao alimtamani sana yule ndege mpaka amemkamata, amemshika mkononi.

Ndege yule hukimbia baridi ya kwao na kuja mpaka Afrika Mashariki, lakini sijawahi kusikia mtu wa kwetu akimtaja kwa jina. Nikaandika "kurumbiza", kwa kuwa anaimba vizuri na jina lina utamu. Safari hii nilimsomea shangazi, kompyuta nimeigeuzia ukutani.

Alisikiliza kwa makini ya mtu wa kazi.

"Kurumbiza anaimba mchana," akasema. "Binti akiomba kulala nje kumsikia kurumbiza, mama yake angejua palepale. Kwa nini umpe jina? Andika ndege. Mwenye kujua atajua ni ndege gani."

Nikafuta, nikaandika ndege. Na picha ile ikageuka machoni pangu. Mwili upo pale, mwanga umeujaa, hakuna kilichofichwa, lakini chini yake linapita neno linalokataa kutaja. Baba na mama wananong'ona juu ya ndege huku wanaona tunachokiona. Fumbo lilikuwa limerudi, limekaa kati ya jicho na neno, na Pasolini alikuwa ameliacha pale muda wote kwenye mazungumzo yake. Mimi ndiye niliyekuwa naliharibu kwa kutafuta usahihi.

Nilirudia kurasa zote nilizokuwa nimemaliza. Mahali pengi nilikuwa nimetafsiri picha badala ya maneno. Ilinichukua siku nane.

### Mzee wa Naples

Kuna kipande kimoja nilichokuwa nimekipita haraka. Mzee ameketi barabarani Naples na kitabu, watu wamemzunguka. Anaanza kusoma hadithi ya mama mkuu wa watawa, kisha anakiacha kitabu na kusema ataieleza Kinapoli. Hapo hakuna anayevuliwa nguo. Ni mzee, mdomo wake na kicheko cha wale watu. Nilikuwa nimelia wasimulizi wametolewa, kumbe mmoja alibaki, na kazi yake ni kutafsiri.

Hicho nilimwonyesha shangazi. Alivuta kigoda.

Nikawa namtafsiria mstari kwa mstari. Masista wamemfumania mwenzao na mwanamume, wanakwenda kumgongea mama mkuu. Mama mkuu naye ana padri wake kitandani. Anakurupuka gizani, anapapasa ushungi, anavaa kichwani suruali ya padri na kutoka kwenda kumkaripia binti wa watu. Binti anainua macho, anaona miguu ya suruali inaning'inia huku na huku, na kusema kwa upole: mama, funga kwanza ushungi wako, ndipo useme unalotaka.

Shangazi alipiga goti. Hakugeuza uso hata mara moja. Wiki iliyofuata, kwenye shughuli ya mwali hapo jirani, nilimsikia akiitoa hadithi ile kama ya kwao Pangani, mama mkuu amekuwa bibi mmoja mkali wa chuoni, suruali imekuwa msuli, na wanawake wameangukiana mikekani.

Lakini siku ile, picha ilipokwisha, aliendelea kuangalia kioo. Alikuwa ameona kitu nilichokuwa sijamtafsiria. Wakati watu wanamcheka mama mkuu, kuna mmoja nyuma anawachomolea mifukoni. Anaitwa Ciappelletto.

"Na yule mwizi," akauliza, "walimkamata?"

"Hapana, shangazi. Alipokaribia kufa alimwungamia padri uongo mtupu, padri akalia machozi. Wakamzika kanisani, watu wakawa wanamwita mtakatifu."

Akanitazama kuona kama namtania. Kisha akaivuta kompyuta, akaiweka mapajani mwake.

"Hiyo nionyeshe."